Jinsi ya Kuandika Dira ya Biashara Mpya: Mwongozo Kamili kwa Waliojaribu Wakakwama

"Kuwa kampuni inayoongoza katika kutoa huduma bora, za kisasa na za kuaminika kwa wateja wetu."

Sentensi hii, au ndugu yake wa karibu, hujitokeza karibu kila mtu anapoombwa aandike dira ya biashara yake mpya. Sarufi yake haina kasoro. Shida ni kwamba ukiibandika kwenye mlango wa daktari wa mifugo, kiwanda cha misumari au ofisi ya wakili, hakuna atakayegundua kuwa imebandikwa pasipo pake.

Wengi wanaokwama hapa wana ndoto kubwa na lugha nzuri. Kinachowakwamisha ni kuanza kuandika habari za biashara, wakati dira inapaswa kuanza na mtu atakayehudumiwa: siku kazi yako itakapokuwa imefanikiwa, maisha yake yatakuwa na tofauti gani? Hatua zote zilizo hapa chini zinazunguka swali hilo. Kama kwenu dira mnaiita maono au ruwaza, kazi ni ileile.

Ili hatua zionekane vizuri, nitatumia mfano mmoja wa kubuni tangu mwanzo hadi mwisho: mafundi wawili wanaotaka kuanzisha biashara ya kutengeneza viti vya magurudumu vinavyotumiwa na watu wenye ulemavu.

## Mahitaji

- Watu watano au zaidi wenye tatizo unalotaka kulitatua, ambao umezungumza nao wewe mwenyewe. Ndugu na marafiki wanaokutakia heri hawahesabiki, isipokuwa nao wana tatizo hilo.
- Daftari na kalamu. Kompyuta iache hadi hatua ya 5. Ukiwahi kwenye skrini utaanza kupamba maneno kabla hujajua unachotaka kusema.
- Vikao viwili vya saa mbili mbili, siku tofauti. Sentensi iliyokupendeza jana usiku, asubuhi mara nyingi huonekana ilivyo kweli.
- Uamuzi mmoja mgumu unaokusubiri: mashine ipi inunuliwe, mteja yupi akubaliwe, fundi yupi aajiriwe. Utautumia kama kipimo.
- Mtu mmoja wa nje asiyeona haya kukuambia "sijaelewa".
- Washirika wako wote wenye kauli katika maamuzi, kama wapo. Ikiwa wapo, soma hatua ya 7 kabla ya kuanza ya 4.

Hitaji la kwanza halina mbadala. Kama hujazungumza na mtu yeyote mwenye tatizo, funga daftari ukazungumze nao kwanza.

## Hatua ya 1: Kusanya maneno ya wenye tatizo

Waulize mambo matatu tu. Mara ya mwisho tatizo hili lilipokupata, ilikuwaje? Ulifanya nini? Mbali na pesa, ulipoteza nini? Andika majibu kwa maneno yao, hata kama yamekaa ovyo.

Usiwaulize kama wangeipenda huduma yako. Watu wana adabu, watajibu ndiyo, na hiyo ndiyo haitakusaidia kitu.

Mafundi wetu walidhani kinachowasumbua wateja ni gharama ya matengenezo. Majibu yakawapeleka kwingine. Beringi ya gurudumu dogo la mbele ikisagika, kiti huanza kuvuta upande mmoja, kisha hugoma kabisa. Spea yenyewe ni ndogo, inafichika kiganjani. Lakini mwenye kiti anaweza kukaa ndani wiki mbili: asubiri mtu wa kukibeba kiti hadi kwa fundi, fundi aagize spea, spea ije, kiti kifungwe, kisha apatikane tena mtu wa kukirudisha. Muda wote huo haendi kazini, na hata chooni anabebwa. Mmoja wao akawaambia, "Kiti kikilala, na mimi nimelala."

Kwa nini hatua hii: dira inayotoka kichwani mwa mwenye biashara huelezea matamanio yake. Inayotoka kwa wenye tatizo huwa na kitu cha kushika.

Utajua umefaulu ukiwa na angalau jambo moja ulilolisikia kwa zaidi ya mtu mmoja na ambalo hukulitarajia. Kama kila ulichosikia ulikuwa ukikijua tayari, rudi ukaulize tena, na safari hii nyamaza muda mrefu zaidi baada ya kila swali.

## Hatua ya 2: Ondoa vinavyojifanya dira

Kuna maandishi manne ya biashara yanayochanganywa kila siku. Yatazame kwa mfano wetu.

*Dhamira* ni kazi unayoifanya sasa na unayemfanyia: "Tunatengeneza viti vya magurudumu nyumbani kwa mteja."

*Lengo* ni kipimo cha muda mfupi: "Kufikia mwisho wa mwaka tuwe na wateja 200 waliojiandikisha."

*Kaulimbiu* ni maneno ya kumvutia mteja: "Kiti chako, mwendo wako."

*Dira* ni hali itakayokuwepo kazi ikifanikiwa, ambayo leo haipo.

Ukishindwa kutofautisha, jiulize: jambo hili naweza kulifanya kesho asubuhi? Kama ndiyo, hiyo ni dhamira. Na "kuwa na matawi kumi" kuna hatari zaidi, kwa kuwa kunasikika kama ndoto kubwa. Ni lengo tu. Matawi kumi ni yako. Mteja hajaambiwa atapata nini.

Onyo: usivitupe hivyo vingine. Viandike ukurasa wa nyuma wa daftari, utavihitaji kwenye mpango wa biashara.

## Hatua ya 3: Chagua mwaka

Dira isiyo na mwaka inabaki kuwa dua.

James Collins na Jerry Porras, waliochunguza kampuni zilizodumu kwa muda mrefu, waliandika katika jarida la Harvard Business Review mwaka 1996 kwamba lengo kubwa lililo ndani ya dira lichukue miaka 10 hadi 30. Kwa biashara ambayo bado haijafungua milango, mimi naona miaka 7 hadi 10 inatosha. Chini ya mitano utaandika ratiba ya kazi na kuiita dira. Ukivuka 15, hakuna mtu katika chumba atakayejiona anadaiwa chochote.

Andika mwaka wenyewe kwa tarakimu juu ya ukurasa mpya. Mafundi wetu wameandika 2035.

## Hatua ya 4: Andika ukurasa mmoja ukiwa umesimama katika mwaka huo

Chagua mtu mmoja kati ya wale uliozungumza nao. Simulia siku moja ya kawaida ya maisha yake katika mwaka uliouchagua, kuanzia dakika ambayo tatizo lingempata. Tumia wakati uliopo: andika "anapiga simu", usiandike "atapiga simu". Ukisema "atapiga" utateleza kwenye ahadi; ukisema "anapiga" unalazimika kuona.

Haya ni maandishi ya mafundi wetu:

> Saa moja asubuhi gurudumu la mbele linagoma. Anapiga picha, anatutumia. Kabla ya saa tatu fundi yupo mlangoni na beringi za saizi ya kiti hicho, kwa sababu kiti kiliandikishwa kwetu tangu siku ya kwanza. Ndani ya gari kuna kiti cha akiba, iwapo kazi itamaliza siku nzima. Saa nne mwenye kiti yupo njiani kwenda kazini. Jioni hamsimulii mtu yeyote kilichotokea, kwa sababu hakuna la kusimulia.

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyobeba kila kitu. Tatizo lililokuwa likimla mtu wiki mbili limekuwa dogo kiasi kwamba halisimuliki. Tazama pia kilichojitokeza bila kuitwa: kiti cha akiba, na daftari la saizi za viti vya wateja. Vyote viwili havikuwemo katika mpango wao wa awali. Ukurasa huu ukiandikwa vizuri, huanza kukupangia biashara yenyewe.

Wakati wa kuandika, maneno haya ni marufuku: bora, kisasa, kuaminika, ubunifu, kinara, kiwango cha kimataifa, suluhisho. Kila moja likikujia, jiulize jicho lingeona nini, kisha andika hicho. "Huduma ya haraka" inakuwa "kabla ya saa tatu". Kumwahidi mteja "ubora" bila kusema ataona nini ni kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Onyo: usirefushe kupita ukurasa mmoja, na usiingize watu watatu. Mtu mmoja, siku moja.

Utajua umefaulu ikiwa mtu akiusoma anaweza kuichora picha ile kwenye karatasi, japo kwa mchoro wa hovyo. Hapo funga daftari. Kikao cha kwanza kimeisha.

## Hatua ya 5: Kata hadi ibaki sentensi moja

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo unaruhusiwa kufungua kompyuta. Usitegemee rasimu ya kwanza. Fuata za mafundi wetu.

Rasimu ya kwanza: *Kuwa kampuni namba moja ya matengenezo ya haraka ya viti vya magurudumu.*

Wamerudi palepale. Anayezungumziwa ni kampuni. Mwenye kiti hayumo kabisa.

Rasimu ya pili: *Kila mtumiaji wa kiti cha magurudumu aishi bila vikwazo.*

Mtu ameingia, na sentensi ina moyo. Lakini ngazi zisizo na njia ya magurudumu, milango myembamba na waajiri wenye dharau si vitu ambavyo beringi mpya itaviondoa. Dira iwe kubwa, ila iwe kubwa upande ule unaoufanyia kazi. Hii ingefaa shirika la kutetea haki.

Rasimu ya tatu: *Kufikia 2035, kila kiti cha magurudumu kinachoharibika katika eneo letu kitatengenezwa ndani ya saa 24 kwa kutumia mafundi wanaotembea na mfumo wa kuandikisha viti.*

Wamekaribia. Kuna mwaka, kuna mpaka wa eneo, kuna kipimo. Kilichozidi ni "kwa kutumia" na kila kinachofuata, kwa sababu njia hubadilika. Mwaka wa tatu wanaweza kugundua kuwa kumfundisha jirani kubadilisha beringi ni bora kuliko kutuma fundi, na dira isiwafunge mikono. Halafu kuna kasoro ndogo zaidi: sentensi inahudumia kiti, imemsahau anayekikalia.

Rasimu ya nne: *Kufikia 2035, hakuna mtu katika eneo letu atakayelala usiku wa pili bila kiti chake kwa sababu kimeharibika.*

Hii inakaa. "Usiku wa pili" ni kipimo ambacho hakihitaji mtaalamu wa takwimu. Unampigia mteja simu na kumuuliza. Tena ni kauli ya kweli: inakubali kwamba usiku mmoja unaweza kupita, kwa kuwa kuna matengenezo ambayo siku moja haitoshi.

Kanuni za kukata ni chache. Usizidishe maneno 20 au 25. Mtu awemo. Njia isiwemo. Na ukikuta "na" katikati ya sentensi, ikague, kwa maana mara nyingi ni dira mbili zimefungwa kamba moja.

Kuna "na" zisizo na hatia, lakini. Microsoft, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilijulikana kwa azma yake ya kuona kompyuta juu ya kila meza na katika kila nyumba. "Na" ile inaunganisha mahali pawili pa jambo lilelile. Kinachonivutia zaidi ni kisichotajwa katika kauli hiyo fupi inayokumbukwa: jina la kampuni halimo, na programu, ambazo ndizo ilizokuwa ikiuza, hazimo. Imetajwa meza ya mtu na nyumba yake.

## Hatua ya 6: Ipime kabla hujaipenda

Fanya majaribio manne, katika kikao cha pili au baadaye.

Jina. Weka jina la mshindani wako mbele ya sentensi. Ikimkaa vizuri kama inavyokukaa wewe, bado haijawa yako.

Kusimulia. Msomee yule mtu wa nje mara moja tu. Zungumzeni mambo mengine kwa dakika kumi, kisha mwambie akusimulie dira yako. Asipokumbuka neno kwa neno si tatizo. Akikosa kumkumbuka mtu anayezungumziwa, au kitakachobadilika kwake, rudi hatua ya 5.

Ubishi. Geuza sentensi kinyume chake. Je, kuna biashara yenye akili timamu inayoweza kuchagua kinyume hicho? "Tutatoa huduma mbovu" hakuna anayeichagua, kwa hiyo "tutatoa huduma bora" haijasema neno. Lakini kuna fundi mwenye haki kabisa ya kusema, "Mimi naletewa viti dukani, navitengeneza kwa zamu, anayesubiri asubiri." Mafundi wetu wamechagua tofauti naye. Hapo pana dira.

Uamuzi. Jaribio hili usiliruke hata kama umechoka. Chukua ule uamuzi mgumu uliouweka kando.

Tuseme taasisi kubwa inawataka mafundi wetu wakarabati vitanda vyake vya wagonjwa. Malipo ni mazuri, ila kazi itawachukua siku tatu kila wiki. Kwa rasimu ya kwanza wangekubali papo hapo, kwani pesa nyingi huonekana kama njia ya kuwa namba moja. Kwa rasimu ya nne wanabaki na swali la wazi: siku hizo tatu, kiti kikigoma nani atakwenda? Wanaweza kukataa mkataba. Wanaweza pia kuukubali kwa sharti la kuajiri fundi wa tatu kwanza. Dira haikuwachagulia, imewaonyesha gharama ya kila upande.

Utajua umefaulu kama dira imebadilisha, au angalau imetatiza, jibu ulilokuwa umelishika. Isipokuwa na la kusema juu ya uamuzi wowote ulio mezani kwako, haijalishi inavyopendeza masikioni, haijaiva.

## Hatua ya 7: Kama mna ushirika, andikeni mbalimbali

Kila mshirika afanye hatua ya 4 na ya 5 peke yake, bila kuonyeshana. Kisha wekeni karatasi mezani kwa wakati mmoja.

Mkiandika pamoja tangu mwanzo, mwenye sauti kubwa ataandika na wengine wataitikia. Tofauti zitajificha hadi siku ya kugawana faida.

Tofauti za maneno malizeni kwa dakika chache. Tofauti za picha zichukulieni kwa uzito. Fundi mmoja akiwa ameandika juu ya mtu ambaye kiti chake kimetengenezwa, na mwenzake akawa ameandika juu ya mtu aliyenunua kiti kipya, hizo ni biashara mbili. Moja inafanikiwa viti vikidumu, nyingine inafanikiwa vikibadilishwa.

Onyo: msipatane kwa kuokota maneno mazuri ya huyu na ya yule mkayashona pamoja. Chagueni picha moja. Ikishindikana, ahirisheni kutia saini chochote.

## Hatua ya 8: Itie kazini

Ukutani pawe mahali pa mwisho. Anza na sehemu tatu ambazo dira hufanya kazi kweli.

Kwanza, kikao cha kila mwezi. Tafuta namba moja inayotokana na dira yako na uiandike kila mwezi mahali pamoja. Kwa mafundi wetu ni idadi ya watu waliolala usiku wa pili bila kiti mwezi huo. Ikiwa saba, mazungumzo yaanze na hao saba, mmoja mmoja: spea ilikosekana? Fundi alikuwa mbali? Mteja hakujua pa kupiga simu?

Pili, usaili wa kazi. Msomee mwombaji dira, kisha umuulize angefanya nini wiki yake ya kwanza ili kuisogeza.

Tatu, maombi ya mkopo au ruzuku. Katika mpango wa biashara weka dira, kisha dhamira, kisha malengo ya mwaka mmoja hadi mitatu, kwa mpangilio huo, kila kimoja kikitokana na kilichokitangulia. Wengine huogopa kwamba sentensi rahisi itaonekana haina hadhi mbele ya wakubwa, basi wanairudishia "ubora" na "usasa" dakika za mwisho. Usifanye hivyo. Msomaji wa maombi amezisoma hizo hadi macho yamechoka.

Ipitie dira mara moja kwa mwaka. Sababu za kuibadilisha ni tatu tu: imetimia, tatizo lenyewe limekwisha, au umegundua ulimwelewa mteja vibaya. Ugumu wa kuifikia haumo katika orodha hiyo.

Kutimia kunahitaji macho zaidi kuliko kushindwa. Henry Ford alitaka gari la watu wengi, ambalo mwenye kipato cha kawaida angeweza kulinunua. Gari hilo, Model T, lilitoka mwaka 1908 kwa dola 850. Maamuzi mengi yaliyofuata unaweza kuyafuatilia hadi kwenye azma hiyo: modeli moja tu kwa miaka mingi, mstari wa kuunganishia magari unaosogea kuanzia 1913, bei kushushwa tena na tena hadi chini ya dola 300 katika miaka ya 1920. Ilipofika 1927 magari zaidi ya milioni 15 yalikuwa yametengenezwa, na uzalishaji ukasimamishwa. Wanunuzi walikuwa wameanza kutaka rangi, starehe na chaguo, na washindani walikuwa tayari wanawauzia. Watu wengi walikwishapata gari. Walichokitaka sasa kilikuwa kitu kingine.

Ukifika hapo, usikae na rasimu ya zamani kuipiga msasa. Anzia hatua ya 1, na watu watano uwatafute wapya, kwa sababu wale wa mwanzo walishakuzoea na wanajua ungependa kusikia nini.